Noah Moja, Vyuo Sita, Siku Nane

*Mwalimu mstaafu anajibu barua zenu*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Himo, nina duka la vifaa vya ujenzi. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tano, mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Nimepanga Juni, shule zikifungwa, nimpeleke akavione vyuo kwa macho yake kabla hajaingia kidato cha sita. Nina gari aina ya Noah, nimepata mtu wa kunishikia duka siku nane, na tutakwenda familia nzima. Mama mkwe naye anataka kuja, ana dada yake Morogoro. Orodha yangu ni UDOM ya Dodoma, SUA (chuo cha kilimo cha Sokoine) na Mzumbe za Morogoro, kisha Dar: Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Ardhi na Muhimbili. Mlimani nataka tukae siku mbili kamili, maana mimi mwenyewe nimesoma pale, nilikaa bweni la Hall 2, nikamaliza 1999. Nataka auone ukumbi wa Nkrumah, aione maktaba mpya, aone pale tulipokuwa tukipiga soga hadi usiku wa manane. Mlimani ni Mlimani, Mwalimu, wewe unajua. Kaka yangu ananicheka, anasema haya ni mambo ya Wazungu kwenye sinema, mtoto akipangiwa chuo atakiona akifika. Mke wangu anaona bora tusubiri Desemba. Je, napoteza hela? Wataturuhusu kuingia? Nianzie wapi?
*Baba Wanne, Himo*

JIBU: Marahaba, Baba Wanne. Mwambie kaka yako kwamba hata mbuzi wa mnadani tunamfunua mdomo tukamtazama meno. Itakuwaje chuo cha miaka mitatu au minne, chenye ada, kodi ya chumba na mtoto wetu mwenyewe ndani yake, tukichukue kwa kusikia?

Na hilo la kupangiwa limepitwa na wakati. Siku hizi mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, anaweza kuomba zaidi ya kimoja, na akichaguliwa viwili au vitatu ni yeye anayethibitisha anakwenda wapi. Dirisha hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, Julai. Wakati huo vijana wengi wako kambini JKT kwa mujibu wa sheria, wazazi wamebaki nyumbani na fomu, wanajaza kwa kubahatisha. Nimefundisha miaka 31, kumi ya mwisho nikiwa mwalimu wa taaluma, na kila Agosti walikuwa wakija ofisini wazazi wanaoniuliza, "Mwalimu, hii kozi ni ya nini?", kozi ambayo wameshamjazia mtoto tayari.

Kwa hiyo Juni ya kidato cha tano ndiyo yenyewe. Vyuo viko muhula wa pili, wanafunzi wapo, na binti anabakiwa na mwaka mzima wa kusoma akijua anasomea nini. Desemba mkeo anisamehe. Ikikaribia Krismasi vyuo vinaanza kuwa vitupu, na barabara yote ya kutoka Chalinze imejaa ndugu zako wanaorudi nyumbani kuhesabiwa. Ninyi mkirudi mtabanana nao pale Mombo.

Sasa chukua kalamu, tufute. Muhimbili futa. Binti ni CBG. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, na yeye Fizikia hana. Ya nini kumpitisha mtoto mbele ya mlango wa udaktari uliofungwa? Mzumbe nayo ni chuo kizuri sana kwa sheria, uhasibu na utawala, lakini kwa CBG si pa kwanza, tena kiko upande wa barabara ya Iringa, nje ya njia yenu. Wamebaki wanne: UDOM, SUA, Mlimani, Ardhi. Wanatosha. Ukitazama vyuo sita kwa wiki moja, kufika cha tano mtoto hajui tena lile jengo la bluu lilikuwa wapi.

Kuna jambo jingine, na hili nakuambia kama dada yako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Hall 2 imo, Nkrumah imo, soga za usiku wa manane zimo. SUA umeitaja mara moja tu, kwenye orodha. Na binti yako mwenye safari anataka kusoma nini, hukuandika hata neno moja. Kabla hujamwita fundi aangalie breki pedi na fenibelti, mpe huyo binti kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na kalamu, akae navyo wiki nzima, azungushie anachokipenda. Usikae pembeni yake. Akizungushia kitu ambacho hukukitegemea, nyamaza mpaka Dodoma.

Ndiyo, mnaanzia Dodoma. Jumamosi mtoke Himo saa kumi alfajiri, Arusha mpite kabla mji haujaamka. Makuyuni msikunje kulia kwenda mbugani hata wadogo wakilia. Nyooka, Minjingu, Babati. Babati mle samaki. Baada ya hapo ni kona za Bereku, kisha Kondoa. Zamani njia hii ilikuwa vumbi na kuomba Mungu, ila tangu lami ya Babati hadi Dodoma ifunguliwe 2018 ni barabara ya raha. Raha hiyo ndiyo itakayokuponza: kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo nyuma ya mwembe. Pale Kolo utaona kibao cha michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2006. Ni vitu vya ajabu, lakini ni kupanda mlima, na una mama mkwe garini. Himo hadi Dodoma ni kama kilomita 530. Mkeo ana leseni? Hukusema.

Jumapili mpumzike, mkasali. Jumatatu ndiyo UDOM.

UDOM ilianzishwa 2007, imejengwa juu ya vilima vya Chimwaga, na jambo la kwanza la kumfundisha binti pale ni umbali. Ndaki, yaani vyuo vidogo ndani ya chuo, zimeachana. Ukiwa na Noah hutaliona hilo. Kwa hiyo gari liegeshe, mtembee kwa miguu kutoka mabweni ya ndaki anayoitaka mpaka madarasani, saa saba mchana, jua likiwa utosini na ule upepo wa Dodoma unaokula midomo. Halafu mle chakula wanachokula wanafunzi, kwa bei wanayolipa wao. Mkeo aandike bei ya wali maharage kwenye daftari, kila chuo. Hesabu ya bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, inaanzia hapo, kwenye sahani.

Kuhusu kuruhusiwa: wiki tatu kabla, andika barua fupi kwa Mshauri wa Wanafunzi na ofisi ya udahili ya kila chuo, taja siku na saa, kisha piga simu kuhakikisha. Beba nakala, beba kitambulisho cha NIDA. Ofisi ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka 2014 mimi na marehemu mume wangu tulimpeleka kijana wetu wa pili kwenye chuo fulani, tukafika Jumamosi, bila barua, wakati wa likizo. Mlinzi alikuwa mpole, akatuacha tuzunguke. Tulizunguka. Mume wangu akawa anaeleza kila jengo kama aliyelijenga yeye: hapa patakuwa maabara, hapa karakana, uhandisi ndiyo mpango mzima. Kijana kimya. Baadaye akaomba aende kununua vocha nje ya geti, akapotea saa mbili. Tulipomfuata tukamkuta kwa kinyozi, kibanda cha mabati, amekaa kwenye benchi na wanafunzi watatu waliobaki likizo kwa sababu ya sapu, mitihani ya kurudia. Hakuwa ananyolewa. Alikuwa ameshajua chumba cha geto, yaani cha kupanga nje ya chuo, ni shilingi ngapi, maji yanakatika siku gani, mwalimu gani "anadisko" watu, yaani anawafelisha mpaka wanaondolewa chuoni, na kwamba ile kozi aliyokuwa akiitaka baba yake ina mafunzo kwa vitendo mikoani ambayo wengi hujilipia nauli. Sisi wazazi wawili, wote walimu, tulikuwa tumeona majengo.

Tangu siku ile kinyozi nimemweka kwenye ratiba. Watoto wangu wawili waliofuata niliwapeleka hivyohivyo. Kwako kuna tatizo dogo, kwamba binti wa kidato cha tano shule imemkata nywele, hana cha kusuka. Lakini mama yake anazo. Mkeo asisuke Himo. Asukie Morogoro, Jumatano, kwenye saluni yoyote jirani na geti la SUA, na binti akae hapo anashika rasta. Saa tatu za kusuka, wasichana wa chuo wanaingia na kutoka, na hakuna ofisi ya udahili itakayomwambia atakayoyasikia pale. Wa mwaka wa pili ndio wa kuwasikiliza. Wa kwanza bado anashangaa, wa tatu keshachoka.

Lakini nimetangulia. Jumanne mnatoka Dodoma kwenda Morogoro, kama kilomita 260, mkipita Kibaigwa kwenye lile soko la mahindi na Gairo kwenye baridi. Mama mkwe mshusheni kwa dada yake, na hapo hapo ombeni pa kulala wote, maana Morogoro ndiyo kambi yenu.

SUA mpeni siku nzima. Kwa CBG hapa ndipo penyewe. Chuo kimesimama chenyewe tangu 1984, chini ya milima ya Uluguru, na binti ataona kilimo, misitu, wanyama, lishe, mambo ya mazingira, yote yanafanyiwa kazi shambani na maabara. Wadogo zake, ambao hadi hapo watakuwa wamechoka na neno "chuo", wapelekeni kwa panya. Sitanii. Shirika la APOPO lina makao yake SUA, ndipo wanapofundishwa panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia akapewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Omba nafasi mapema, usifike tu na kubisha hodi. Mchana mfike kampasi ya Mazimbu, inayoitwa Solomon Mahlangu. Pale palikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa ANC, wakaikabidhi kwa nchi yetu 1992, na makaburi ya baadhi yao yapo. Mtoto anayesoma mahali kama pale akijua historia yake hatembei vilevile. Hiyo ni Jiografia na Historia ya bure, nisamehe, ni ugonjwa wa kazi.

Sasa Dar. Gari liache Morogoro, kwenye uwanja wa huyo dada, pamoja na wadogo watatu na bibi yao. Wewe, mkeo na binti mpande treni ya SGR Alhamisi asubuhi kutoka Kihonda. Ilipoanza 2024 nauli ya kawaida Morogoro hadi Dar ilikuwa shilingi 13,000. Watu watatu kwenda na kurudi ni 78,000. Unaokoa mafuta, unaokoa foleni ya Kibaha mpaka Mbezi, na kikubwa zaidi binti anaingia Dar kama atakavyoingia siku akiwa mwanafunzi, na begi mkononi. Kutoka stesheni mwende Gerezani, mwendokasi mpaka Ubungo, kisha daladala ya Chuo. Jioni mrudie njia hiyohiyo saa kumi na moja, akione kile kinyang'anyiro cha kupanda. Kama atasoma Mlimani na kukosa kitanda bwenini, hayo ndiyo maisha yake, labda abebane na rafiki, yaani wagawane kitanda chake. Wewe wa Hall 2 unakujua kubebana, msimulie.

Mlimani nimekuachia mchana wote wa Alhamisi na kipande cha Ijumaa. Siku mbili kamili hapana. Mwonyeshe Nkrumah, ninayo noti ya 500 yenye picha ya jengo lile, ile iliyoondolewa kwenye mzunguko 2025, nimeiweka ndani ya Biblia. Mwonyeshe maktaba mpya ya 2018, inachukua wasomaji 2,100 kwa mkupuo, wakati wako mlikuwa mnawahi viti. Kisha tafuta kimbweta, yale meza na viti vya zege vya kusomea nje, chenye kivuli, kaa. Soma gazeti. Binti aende peke yake saa mbili, apite ndaki anayoitaka, aulize mwenyewe. Usimfuate kwa mbali. Ngedere wa Mlimani watakupa kampani, linda ndizi zako.

Ijumaa asubuhi Ardhi, ni jirani tu, mnatembea. Binti aangalie sayansi ya mazingira na mipango miji. Alasiri treni, mnalala Morogoro.

Jumamosi mnarudi Himo kwa Chalinze, Segera, Korogwe, Same, kama kilomita 510. Njiani usimwulize "umechagua nini?" Nunueni machungwa Segera, mle, mnyamaze. Ataanza mwenyewe, kwa kawaida baada ya Mombo.

Mafuta: safari nzima na mizunguko ya mjini weka kilomita 1,450. Noah iliyotunzwa inakwenda kama kilomita kumi kwa lita, basi lita 145; tuseme bei ni 3,000, ni kama 435,000; angalia bei ya siku hiyo. Malazi ni Dodoma usiku tatu na Dar usiku mmoja, kwingine ni ndugu. Peleka mchele na maharage kwa huyo dada wa Morogoro. Watu saba siku nne si mchezo.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama ninayeuza samaki Mwanza, sina gari wala hela ya kuzunguka nchi. Kijana wangu yuko HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), anataka sheria au uandishi wa habari. Wenzake wanakwenda Dar na wazazi wao. Nimnyime?
*Mama Muuza Samaki, Mwanza*

JIBU: Marahaba mama. Unakaa mjini penye chuo kikuu, halafu unaomba msamaha! Panda naye daladala mpaka Nyegezi, mwende Malimbe, SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Sheria ipo, uandishi wa habari upo. Hata kama kichwa chake kiko Dar, aanzie hapo kujifunza kutazama: bweni liko wapi, geto ni shilingi ngapi, usiku taa zipo njiani, wanafunzi wanakula wapi, ukiugua unakwenda wapi. Akitoka hapo atajua maswali ya kuuliza kwingine, hata kwa simu.

Na Julai TCU huwa na maonesho ya vyuo Dar, viwanja vya Mnazi Mmoja. Vyuo vingi vinakuwa mahali pamoja. Kama una ndugu Dar wa kumlaza, nauli ya basi ya mtu mmoja inatosha. Wewe usiende, baki na samaki. Mwambie akuletee karatasi za ada, na kila chuo akuandikie jina la kozi na masomo yanayotakiwa. Maonesho yana kasoro moja, kila chuo kinakuja na picha zake nzuri. Kwenye maonesho hakuna kinyozi.

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko kidato cha sita Tanga. Baba anataka kunipeleka kuona vyuo, nami nashukuru. Ila namjua. Ataingia na mimi kila ofisi, atauliza yeye, atajibu yeye, na atawaambia watu kwamba mimi nilikuwa wa tatu darasani. Bwenini pia anataka kuingia. Naona aibu lakini sitaki kumvunjia heshima. Nimwambieje?
*Kijana, Tanga*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Usimwambie chochote. Mpe kazi.

Mzazi anayeuliza kila swali ni mzazi asiye na jukumu. Jioni kabla ya safari mwendee na daftari, umwambie: "Baba, mimi mambo ya nyumba siyawezi, wenye nyumba watanidanganya. Nikikosa bweni nitahitaji chumba. Wewe ungenisaidia kuzunguka mitaa ya jirani, uulize kodi, umeme wa luku ni wa pamoja au wa peke yake, maji, choo cha ndani au nje, mlango una geti?" Ataivaa kazi hiyo kama suti. Wewe utapata saa tatu za kuingia ofisini na bwenini peke yako.

Hilo la kuwa wa tatu darasani litasemwa tu, kwa mwenye nyumba kama si kwa mkuu wa idara. Mwache alifurahie. Na akirudi amekasirika kwamba wenye vyumba wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, sikiliza hadi mwisho, usitazame simu. Ni yeye atakayeilipa.